Kishikwambi cha Mheshimiwa Chabisha Hodi

Umma unatangaziwa, kwa furaha na taadhima, kwamba Idara ya Usambazaji wa Maji iko mbioni kuandika historia. Vifaa viwili vilivyomo ndani ya chumba kimoja, juu ya meza mbili zinazotazamana, vitawezeshwa kuzungumza. Zoezi litafanyika kwa awamu. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu.

Tangazo hilo lilisomwa Jumanne na askari wa geti kwa mdomo, asubuhi, mchana na jioni, kwa kuwa idara ilikuwa imeachana na karatasi. Alilisoma mbele ya watu thelathini na kitu waliokuja na ndoo tupu. Bibi mmoja aliyekaa kwenye benchi la wageni akauliza, "Sasa vikishazungumza, maji yatatoka?"

Askari akaangalia kiganja chake, alikokuwa ameandika tangazo kwa kalamu, akakuta swali hilo halimo.

Jibu lilikuwa ndani, nyuma ya mlango wa kioo, kwa karani wa kumbukumbu ambaye idara nzima ilimwita Bi Mafaili. Kwenye laptopu yake kulikuwa na amri ya kufungua valvu ya mtaa wa nyuma ya kiwanda cha misumari. Valvu ile ilifungwa Jumatatu ya wiki iliyopita ili bomba litengenezwe. Bomba lilitengenezwa kesho yake, mafundi wakapangusa mikono wakaenda zao. Valvu ikabaki imefungwa. Watu wasiojua mambo hudhani valvu hufunguliwa kwa spana. Valvu hufunguliwa kwa amri, amri hufunguliwa kwa saini, na tangu idara iingie zama za kidijitali, Mheshimiwa Mkurugenzi alikuwa anatia saini kwa kidole kimoja tu, cha shahada cha mkono wa kulia, juu ya kishikwambi chake.

Kishikwambi kilikuwa juu ya meza ya Mheshimiwa. Laptopu ilikuwa juu ya meza ya Bi Mafaili, aliyehamishiwa humo kwa muda kwa sababu chumba chake kilikuwa kinavuja. Kati ya meza na meza palikuwa na hatua mbili na nusu. Bi Mafaili alizijua vizuri, maana chai ya Mheshimiwa aliipeleka yeye.

Zamani amri ingesafiri hatua hizo kwa kupitia mtandao wa ofisi. Lakini dari lililovuja chumbani kwa Bi Mafaili lilivujia pia kile kiboksi cha mtandao, kikafa maji. Ndiyo, kikafa maji, katika Idara ya Maji, wakati mtaa mzima haukuwa na tone. Flashi zilikuwa marufuku tangu moja ilete virusi. Kuchapisha kulikuwa marufuku kwa sababu ya ile sera ya karatasi. Simu za mkononi zilikuwa mali binafsi, na hati ya serikali haipandi mali binafsi. Kwa hiyo amri ilikaa mahali pake, na kidole kikakaa mahali pake, kila kimoja kikimtazama mwenzake.

Haya yote Bi Mafaili angeyavumilia. Miaka kumi na tisa alikuwa ameyavumilia makubwa zaidi. Lakini nyuma ya kiwanda cha misumari ndiko aliko mama yake, na kwa mama yake alikuwapo mdogo wake, mwenye mimba ya miezi tisa na siku zake. Zahanati ya mtaa ilikuwa imetangaza kwamba mzazi atakayekuja bila ndoo tatu za maji atarudishwa.

"Mwanangu," mama yake alimwambia kwenye simu Jumatatu iliyofuata, "nimetoka bondeni na ndoo moja. Moja tu. Njiani nimepumzika mara nne. Huyu mdogo wako tumbo limeshashuka."

"Mama, usibebe tena maji. Nakuomba."

"Nisibebe, abebe nani? Wewe si uko hukohuko kwenye maji? Huyo bosi wako hana mama?"

Bi Mafaili akasema atalishughulikia. Alipokata simu alijisikia aibu, kwa sababu hilo ndilo neno lililokuwa likiambiwa watu wa kwenye benchi.

Siku hiyohiyo ndipo Fundi Soketi alipokuja na dawa. Fundi Soketi ndiye alikuwa anatunza mitambo ya idara, kijana mpole asiyependa kugombana na kitu chochote chenye cheo. Alisimama katikati ya meza mbili, mikono nyuma.

"Mheshimiwa, hatuhitaji mtandao wa ofisi. Hivi viwili tunaweza kuviunganisha vyenyewe kwa vyenyewe. Mtandao wa ana kwa ana, waifai ya laptopu kwa waifai ya tableti, hakuna wa katikati. Dakika tano tu."

"Kishikwambi," Mheshimiwa akasahihisha.

"Kishikwambi, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akaegemea kiti. Alikuwa mtu mnene wa sauti na mwembamba wa subira, na neno 'dakika tano' lilimuudhi siku zote, kwa sababu kitu cha dakika tano hakina uzinduzi. "Na katika huo mtandao wa ana kwa ana, mkubwa ni nani?"

"Hakuna mkubwa, Mheshimiwa. Vyote viwili ni sawa."

Dari la humo, nalo likivuja, likadondosha tone ndani ya beseni.

"Sawa na nani?"

"Sawa... chenyewe kwa chenyewe."

"Unaniambia kishikwambi cha Mkurugenzi na laptopu ya karani vitakuwa sawa. Humu ndani. Mimi nikiwa hai."

"Ni kwa kuzungumza tu, Mheshimiwa. Ila kimoja lazima kianzishe mtandao, halafu kingine kijiunge. Laptopu ndiyo itaanzisha, kishikwambi kitaomba kuingia. Kama mgeni anayebisha hodi."

Hapo Fundi Soketi akajua kwamba ameharibu. Mheshimiwa alisimama, akakishika kishikwambi kifuani.

"Kishikwambi hiki hakitabisha hodi kwa mtu. Fahari wawili hawakai zizi moja, sembuse fahari na karani. Kitaanzisha chenyewe!"

"Lakini Mheshimiwa, aina hii ya kishi..."

"Fundi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Bi Mafaili akaona amsaidie. "Samahani, Mheshimiwa. Kwani ukija hapa kwenye meza yangu, ukatia saini kwa kidole kwenye laptopu?"

"Mimi nije kwenye meza yako?"

"Ni hatua mbili na nusu."

"Bi Mafaili, cheo hakipimwi kwa hatua."

Basi ikaundwa Kamati ya Hadhi ya Vifaa, yenye watu watatu: Mheshimiwa kama mwenyekiti, Mwanasheria wa idara kama katibu, na Fundi Soketi kama mtu wa kuulizwa maswali na kukatizwa majibu. Ilikaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na hakuna anayeweza kusema haikufanya kazi. Jumanne nzima ilijadili jina la mtandao. Mheshimiwa alipendekeza uitwe OFISI YA MHESHIMIWA MKURUGENZI MKUU WA USAMBAZAJI WA MAJI. Fundi akaeleza kwamba jina la mtandao haliruhusiwi kuzidi alama thelathini na mbili, ukihesabu na nafasi. Kamati ikapiga kura kwamba hilo ni suala la kiufundi. Jina likaandikwa lote kwenye laptopu kwa majaribio, nayo ikakata kinachozidi, likabaki OFISI YA MHESHIMIWA MKURUGENZI M.

"Hiyo M ya mwisho ni ya nini?" akauliza Mwanasheria.

"Ni ya Mkuu," akasema Mheshimiwa. "Kila mtu ataelewa."

Jumatano ukaandikwa Waraka Namba Saba. Mwanasheria aliuandika ndani ya kishikwambi chenyewe, kwa kidole kimoja, tangu saa tatu hadi saa tisa, ili Mheshimiwa autie saini humohumo bila kuhitaji kuunganishwa na mtu. Bi Mafaili alimtazama mpaka uzalendo ukamshinda.

"Mwanasheria, kumbe mtu anaweza kuandika humo?"

"Kama unavyoona."

"Basi si uandike na ile amri ya maji? Ni mistari sita. Nakusomea mimi."

Mwanasheria akamtazama kwa huruma ya mtu aliyesoma. "Dada yangu, huu ni waraka wa kiutawala. Amri ya maji ni hati ya kiufundi, na hati za kiufundi hutoka kwenye laptopu. Tukianza kuchanganya, kesho tutaamka hatujui nani anaandika wapi."

"Kesho watu wataamka bila maji."

"Hilo liko nje ya hadidu za rejea."

Waraka ulipokamilika, akapewa Bi Mafaili aupitie, kwa kuwa ndiye pekee mwenye kujua mahali pa koma. Aliruhusiwa kukigusa kishikwambi kwa dakika kumi, amesimama. Alisoma Kifungu cha Pili: Kifaa kitakachoanzisha mtandao kitahesabiwa kuwa ndicho Ofisi ya Mkurugenzi, na anayekitumia atakuwa na mamlaka yote ya Mkurugenzi, ikiwemo saini, kwa muda wote wa uunganisho. Akasoma Kifungu cha Tatu: Kifaa kitakachojiunga kitahesabiwa kuwa ni mgeni, pamoja na mtu aliyekishika, na atafuata taratibu zote za wageni. Cha Nne kilisema uunganisho hautakatwa na yeyote ila kwa idhini ya Ofisi ya Mkurugenzi. Hicho Mheshimiwa alikidai mwenyewe, asije karani akamkatiza katikati ya sentensi.

"Mbona hapa pa pili hukuandika tu 'Mkurugenzi'?" Bi Mafaili akauliza.

"Sheria haitaji mtu," akasema Mwanasheria, na kwa kweli alijivunia. "Leo ni Mheshimiwa. Kesho ni Mheshimiwa. Lakini sheria haitaji mtu."

Bi Mafaili akausoma tena kutoka juu. Akamtazama Fundi Soketi. Fundi Soketi akatazama dari.

"Pana koma moja haipo," akasema Bi Mafaili. Akaiweka, akakirudisha kishikwambi kwa mikono miwili. Mheshimiwa akatia saini kwa kidole chake, akakipuliza kidole kana kwamba kina wino.

Alhamisi kamati ilijadili utepe. Alasiri mama akapiga simu.

"Maumivu yameanza, yanakuja na kuondoka. Mkunga wa zahanati kasema mpaka kesho mchana. Ndoo ninazo mbili. Ya tatu nimeimwaga njiani, mwanangu. Goti limenisaliti."

"Umeumia?"

"Nimemwaga maji, mimi nakuambia nimemwaga maji, wewe unaniuliza goti!" Mama akaanza kulia, na Bi Mafaili hakuwahi kumsikia mama yake akilia kwa sababu ya ndoo.

Akampigia mfunguzi wa valvu, mzee mwenye ufunguo wa kufuli la valvu kiunoni. "Babu, ukipata amri utafungua kwa muda gani?"

"Nipe namba ya amri iliyosainiwa, mama, nitafungua kabla hujakata simu. Bila namba siwezi, wananifukuza. Mimi mwenyewe naoga kwa kikombe, naishi mtaa huohuo."

Ijumaa ikafika. Ukumbi ulikuwa ni ofisi ileile, imeongezwa viti. Walialikwa wajumbe wawili wa bodi, waliokuja na kukaa karibu na soda. Utepe mwekundu ulifungwa toka meza hii hadi meza ile, hatua mbili na nusu za utepe, na Mheshimiwa akaukata baada ya hotuba ya dakika arobaini ambayo ndani yake neno 'maji' lilitajwa mara moja, alipoomba glasi. Wajumbe wakaupitisha Waraka Namba Saba kwa kauli moja. Mwanasheria aliwasomea kichwa cha habari, wakasema inatosha.

"Fundi, washa historia," akasema Mheshimiwa.

Fundi Soketi akagusa kishikwambi. Akagusa tena. Akakiinua ili Mheshimiwa asome mwenyewe, maana yeye hakutaka kuwa mleta habari.

"'Kifaa hiki hakiwezi kuanzisha mtandao wa aina hii'," Mheshimiwa akasoma. "Hakiwezi vipi?"

"Hiki kinajiunga tu, Mheshimiwa. Ndivyo kilivyotengenezwa."

"Nani alikichagua?"

Kilichaguliwa na Mheshimiwa, kwa sababu ya rangi.

Mjumbe mmoja wa bodi akatazama saa. Mwingine akatazama soda iliyobaki. Nje, kupitia kioo, watu wa benchi walikuwa wamesimama na ndoo zao wakichungulia. Jasho likamtoka Mheshimiwa. Ikiwa kuna kitu kinachomtisha mkubwa kuliko kubisha hodi, ni kukata utepe na kisha lisitokee lolote.

"Basi ianzishe laptopu!" akasema. "Unganisheni tu, tusiaibishane mbele ya bodi!"

Bi Mafaili akaketi. Akabonyeza mara tatu. Upande wa pili kishikwambi kikaonyesha maneno: Unaomba kujiunga na OFISI YA MHESHIMIWA MKURUGENZI M. Fundi akagusa, kikangoja, Bi Mafaili akakubali, na vifaa vyote viwili vikaandika Imeunganishwa. Ilichukua dakika mbili. Ukumbi ukapiga makofi, na Mheshimiwa akainama kidogo.

"Sasa nitumie hiyo amri yenu niitie saini," akasema.

"Hakuna haja," akasema Bi Mafaili.

Alisema taratibu, bila kuinua macho. Kidole chake kilikuwa kwenye kile kibao kidogo cha chini ya vitufe, kinatembea. Akaandika jina lake, refu, na mkia. Kisha akachukua simu.

"Babu? Andika. Amri namba mia mbili na nne, imesainiwa leo, Ijumaa. Ndiyo, saini ya Ofisi ya Mkurugenzi. Fungua."

"Wewe!" Mheshimiwa akapata sauti. "Umetia saini ya nani?"

"Ya Ofisi ya Mkurugenzi. Kifungu cha Pili." Akakisoma kwa sauti yote, na koma zake. Akasoma na cha Tatu.

Mheshimiwa akamgeukia Mwanasheria. Mwanasheria alikuwa amekunja uso kama mtu anayesikiliza wimbo alioutunga mwenyewe. Kwa upande mmoja alimwogopa Mheshimiwa. Kwa upande mwingine, katika maisha yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kusoma kifungu chake mbele ya watu.

"Ki... kisheria, yuko sahihi," akasema. "Laptopu ndiyo imeanzisha."

"Kateni! Kateni hiyo takataka!"

"Kifungu cha Nne," akasema Fundi Soketi, kwa upole, na hilo ndilo jibu lake la kwanza wiki ile ambalo halikukatizwa. "Kukata ni mpaka idhini ya Ofisi ya Mkurugenzi."

"Ombi limepokelewa," akasema Bi Mafaili. "Litafanyiwa kazi." Akachomeka chaja ya laptopu ukutani.

Mheshimiwa akawatazama wajumbe wa bodi. Walikuwa wameupitisha waraka robo saa iliyopita kwa kauli moja, na kubatilisha kauli moja kunahitaji kikao, na kikao kinahitaji taarifa ya siku ishirini na moja. Mmoja alimwambia hivyo, akijifuta biskuti mdomoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikichimba kwa kidole.

Hapo askari wa geti akaingia na kitabu cha wageni, kitabu pekee cha karatasi kilichosamehewa, kwa kuwa kina jalada gumu. Alikuwa amesikia neno 'mgeni', na kazi ni kazi.

"Mzee, samahani. Mgeni anaandika jina, anatoka wapi, na shida yake. Halafu unasubiri kwenye benchi."

"Unajua mimi ni nani?"

"Utaandika hapa kwenye jina."

Mheshimiwa akakibana kishikwambi kwapani na kuelekea mlango mkubwa. Aende zake, mtandao ukatike kwa umbali, yaishe. Askari akamwahi getini.

"Mgeni hatoki bila kadi iliyosainiwa na mwenyeji. Ulituagiza mwenyewe, mwaka juzi. Watu wamelala hapa kwa kadi hiyo."

Akarudi. Akakaa kwenye benchi, katikati ya ndoo. Fundi Soketi, mtu wa huruma, alipoona chaji ya kishikwambi imebaki asilimia kumi na moja, akamvutia waya wa umeme mpaka miguuni ili kisizime. Bibi aliyeuliza swali siku ya Jumanne akasogea kumpa nafasi.

"Kaa, mwanangu. Mimi hapa ni siku ya tano. Wanasema rudi kesho, nikaona heri nisiondoke."

Ndani, simu ya Bi Mafaili ikalia. Kwanza hakusikia sauti ya mtu. Alisikia bomba likikohoa, likitema hewa, likikohoa tena, halafu likamwaga, na ndani ya kumwaga kule mama yake akicheka na kupiga kelele kwamba ndoo imejaa, leteni nyingine, leteni hata masufuria. Bi Mafaili akafunika macho kwa mkono.

"Mpelekeni sasa hivi, mama," akasema. "Mpelekeni na ndoo nne."

Saa kumi na nusu Mheshimiwa alimwita askari. Alisema anaomba, kwa hisani, kumwona Mkurugenzi dakika tano tu.

Askari akachungulia kwenye kioo. Bi Mafaili alikuwa amesimama dirishani, simu sikioni, akisikiliza mtoto akilia mara ya kwanza.

"Yuko kwenye kikao, mzee," akasema askari, akafunua kitabu. "Na hapa kwenye shida hujaandika kitu."